Barua ya wazi kwa viongozi wa Major League Soccer: soka la ndani ya kumbi la Januari liwe la vijana, si la kikosi cha kwanza

Kwa Kamishna na wajumbe wa Bodi ya Magavana,
Major League Soccer,
New York.

YAH: SHINDANO LA NDANI WAKATI WA MAPUMZIKO YA MAJIRA YA BARIDI

Waheshimiwa,

Mwezi Novemba 2025 mlitangaza kwamba kuanzia mwaka 2027 ligi yenu, ambayo ndiyo ligi kuu ya soka ya Marekani na Kanada, itaachana na kalenda ya kuanza mwishoni mwa Februari na kumalizika mwanzoni mwa Desemba, na badala yake itafuata kalenda inayofanana na ya ligi kubwa za Ulaya: msimu utaanza Julai, utasimama katikati ya Desemba, utaendelea mwanzoni mwa Februari na kufikia tamati mwishoni mwa Mei. Uamuzi huo umejadiliwa vya kutosha na sina nia ya kuufukua tena. Ninachotaka kuzungumza nanyi ni zile takriban wiki saba za katikati ambazo hazitakuwa na mechi hata moja ya ligi, kwa sababu kila nikikaa na mashabiki wenzangu wa huku kaskazini swali ni lilelile: kwa nini klabu zisiingie kwenye kumbi zikacheza shindano la ndani, kama zilivyowahi kufanya klabu za ligi iliyowatangulia?

Jibu langu ni kwamba jambo hilo linafaa, ila kwa sharti moja ambalo likikosekana ni heri mliache kabisa. Shindano hilo lisiwe la kikosi cha kwanza. Liwe la vijana wenu wa akiba na wa timu za MLS NEXT Pro, ile ligi ya timu za akiba za klabu zenu, liwe fupi, na liwe na nafasi za timu za mitaani katika miji itakayohusika. Kikosi cha kwanza kipumzike.

Nakala ya Kiingereza itafika ofisini kwenu kwa njia ya kawaida. Hii ninaiandika kwa Kiswahili kwa kuwa ninataka wasemaji wa lugha hii walioko Minneapolis, Columbus, Dallas, Toronto na kwingineko waijue hoja kabla ninyi hamjaijibu, na kwa kuwa wao si wageni katika ligi yenu. Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, alivaa jezi ya Montréal tangu mwaka 2020 hadi 2023. Bernard Kamungo wa FC Dallas alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, kwa wazazi waliotoka Kongo. Huyu Kamungo nitamtaja tena huko mbele, maana njia aliyopita inahusu moja kwa moja kile ninachokiomba.

Kwanza baridi yenyewe, kwa faida ya msomaji aliyeko Mombasa au Muscat. Hatuzungumzii baridi ya kuvaa sweta. Minnesota United ilipocheza mechi yake ya kwanza ya nyumbani katika ligi yenu, Machi 2017, theluji ilianguka uwanjani huku Atlanta United ikiipiga mabao 6-1. Tarehe 2 Februari 2022 Marekani iliikaribisha Honduras hapa Saint Paul, katika uwanja wa Allianz Field, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, kipimajoto kikisoma karibu nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri. Baadhi ya wachezaji wa Honduras, kipa wao akiwemo, hawakurudi kipindi cha pili. Februari 2025 Sporting Kansas City na Inter Miami zilicheza katika baridi ya namna hiyohiyo, tena baada ya mechi kusogezwa mbele kwa siku moja. Allianz Field una mitambo ya kupasha joto udongo chini ya nyasi, lakini mitambo hiyo haipashi mapafu ya mchezaji wala vidole vya mtoto aliyekaa jukwaani. Kwa hiyo mapumziko mliyoyapanga ni ya lazima, na ninayaunga mkono. Kinachobaki ni kujua kama ukumbini kuna soka jingine linalostahili kuchezwa wakati huo, na nani alicheze.

Watangulizi wenu walishalijaribu, na habari zao zinafaa kusomwa kwa utulivu kabla ya mtu yeyote kuandika mpango wowote. Februari 1974 timu ya jeshi la Kisovieti, CSKA Moscow, ilizuru Amerika Kaskazini na kucheza katika kumbi za hoki ya barafuni. Tarehe 11 mwezi huo, katika ukumbi wa Spectrum, iliwafunga Philadelphia Atoms, waliokuwa mabingwa wa North American Soccer League, mabao 6-3 mbele ya watazamaji 11,790. Ligi hiyo, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi chake, NASL, ikaonja utamu. Mwaka 1975 na 1976 ikaandaa mashindano mafupi ya ndani, la kwanza likachukuliwa na San Jose Earthquakes na la pili na Tampa Bay Rowdies. Hadi hapo hakuna aliyekuwa amekosea: mashindano yalikuwa mafupi, gharama zake zilikuwa ndogo, na watu walipata kuona mpira nje kukiwa na theluji.

Tatizo lilianza pale wengine nao walipoonja. Ed Tepper, ambaye ziara ile ya Wasovieti ilimpa wazo, aliungana na Earl Foreman, na mwaka 1978 ligi yao ya ndani pekee, Major Indoor Soccer League, ikaanza kuchezwa. NASL ilipoona kumbi za mpinzani zinajaa, haikubaki na mashindano yake mafupi bali ikaanzisha msimu kamili wa ndani mwaka 1979-80, wenye klabu 10. Msimu uliofuata klabu zikawa 19, kila moja ikicheza mechi 18 kabla ya hatua ya mtoano, na wachezaji walikuwa ni walewale waliokuwa wamemaliza msimu wa nje muda mfupi nyuma yake na ambao wangetoka tena nje barafu ikishayeyuka. Mwaka 1981-82 zikabaki 13. Mwaka 1982-83 NASL haikuandaa msimu wa ndani hata kidogo, na San Diego Sockers, Chicago Sting na Golden Bay Earthquakes zikaenda kucheza katika ligi ya Tepper na Foreman, ambako Sockers walichukua ubingwa. Iliporudi ndani mwaka 1983-84 ilikuwa na klabu 7 tu, nazo zikabebeshwa mechi 32 kila moja. Nje nako klabu 24 za mwaka 1980 zilikuwa zimepungua hadi 9 mwaka 1984, na huo ndio uliokuwa msimu wa mwisho wa NASL.

Sidai kwamba soka la ndani ndilo lililoiua NASL. Mishahara ya nyota wa kigeni na upanuzi wa pupa vilitosha kuimaliza. Lakini msimu ule wa ndani uliwaongezea wamiliki waliokuwa tayari wanapata hasara mishahara zaidi, safari zaidi na kodi za kumbi, na ukawazoesha mashabiki kuamini kwamba soka la nje lina mbadala wake. Chicago Sting, waliotwaa ubingwa wa nje mwaka 1981 na 1984, walikuwa wakivuta watu wengi zaidi katika ukumbi wa Chicago Stadium kuliko walivyowavuta kiangazi. Mwenye klabu akiona hivyo, unategemea achague nini? Sting wakahama moja kwa moja, Sockers wakahama, na Cosmos, klabu iliyowahi kumchezesha Pelé, nayo ikaishia hukohuko ndani na kujitoa Februari 1985 kabla msimu haujakwisha. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. NASL ilishika mawili na yote yakaiponyoka.

Wajerumani walikuwa na busara zaidi. Klabu za Bundesliga zilikuwa na mapumziko marefu ya baridi, na kumbi kubwa kama Westfalenhalle ya Dortmund na Olympiahalle ya München zilikuwapo, kwa hiyo mashindano ya ndani ya mji mmoja mmoja yalikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1988 chama cha soka cha nchi kiliyaunganisha chini ya kombe moja, DFB-Hallenpokal. Halikuwa msimu wa pili wala halikumfilisi mtu. Borussia Dortmund walilichukua mara nne. Mwaka 2001 lilichukuliwa na SpVgg Unterhaching, klabu ndogo ya pembezoni mwa München, kisha likafutwa, kwa sababu kalenda ilikuwa imejaa na hamu ya klabu kubwa ilikuwa imepungua. Ninavyoliona mimi, lilikufa kwa kuwa uhai wake ulitegemea kikosi cha kwanza, na kikosi cha kwanza ndicho kitu cha kwanza ambacho klabu hukizuia pindi inapohofia majeruhi. Hakuna kocha anayependa kumweleza tajiri wake kwamba mshambuliaji aliyenunuliwa kwa mamilioni ameumia goti Januari, kwenye zulia, katika mechi isiyo na pointi.

Hofu hiyo ni ya kweli kwenu kuliko ilivyokuwa kwao. Kombe la Klabu Bingwa la Concacaf, shirikisho la soka la Amerika Kaskazini, Amerika ya Kati na Karibi, huanza Februari, hivyo klabu zenu zitakazoshiriki zitahitaji Januari kwa mazoezi ya kujiandaa, huku wachezaji wa timu za taifa wakiwa wamepoteza sehemu za kiangazi chao kila mwaka. Chama cha wachezaji kitapinga, na kitakuwa na haki ya kupinga.

Ndiyo maana ninasema vijana. Mchezaji wa miaka 18 au 19 katika timu ya akiba hana tatizo la mechi nyingi. Tatizo lake ni mechi chache, na katika miji ya baridi ni kukaa wiki nyingi bila kugusa mpira katika mazingira ya ushindani. Soka la ndani humfaa kijana huyo kwa namna ambayo soka la nje haliwezi, kwa kuwa anagusa mpira mara nyingi zaidi, anazungukwa na wapinzani karibu muda wote, na hana nafasi ya kupiga mpira mrefu mbele ili kujiondolea mzigo. Yule anayejua kugeuka katika eneo dogo huonekana haraka ukumbini, na yule asiyejua huonekana haraka zaidi.

Lakini lazima muamue ni soka gani la ndani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mipango mingi hupotea njia. Soka la ndani la Kimarekani, lile la miaka ya 1970 na 1980 ambalo bado linachezwa, huchezwa na watu sita kwa sita katika uwanja wa hoki uliotandikwa nyasi bandia, kuta za pembeni zikiachwa mahali pake, na mpira ukigonga ukuta mchezo unaendelea. Wachezaji huingia na kutoka bila hesabu, kama ilivyo katika hoki. Ni burudani kweli, na nikiri kwamba mimi mwenyewe huufurahia: mabao ni mengi na kelele hazikatiki. Hata hivyo, ukuta humfundisha mchezaji mambo ambayo hatayakuta nje, kwani pasi mbovu inayopaswa kuadhibiwa hugonga ubao na kumrudia aliyeipiga. Mabega na vifundo vya miguu navyo hugonga ubao huohuo.

Futsali ni jambo jingine. Hapo wanacheza watano kwa watano, bila kuta, kwa mpira mdogo na mzito usiodunda sana, na mpira ukivuka mstari umetoka. Kila kipindi ni dakika 20 za saa inayosimama mchezo unaposimama, na timu ikishafanya makosa matano ya kuhesabiwa katika kipindi kimoja, kuanzia la sita mpinzani hupewa mkwaju wa moja kwa moja bila ukuta wa mabeki. Kanuni hiyo pekee inamlazimisha kijana ajifunze kukaba bila kurukia miguu ya mtu. Huu ndio mchezo uliozaliwa Montevideo miaka ya 1930 katika kumbi za vijana, ukakua Brazil, na ambao FIFA ina Kombe la Dunia lake tangu mwaka 1989. Wengi wamesahau kwamba Marekani ilikuwa miongoni mwa mataifa bora ya mchezo huo: ilishika nafasi ya tatu katika kombe lile la kwanza, na mwaka 1992 huko Hong Kong ilifika fainali ikafungwa na Brazil 4-1. Tangu hapo haijapata tena medali ya dunia, na nchi yenye kumbi nyingi za michezo kuliko karibu nchi yoyote haina sababu nzuri ya kueleza ukame huo. Ninaomba, kwa hiyo, shindano la futsali, wala si la ubaoni, yaani lile la kuta.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua hivyo, nayo ni ya upole kwa jirani. Mchezo wa ubaoni tayari una ligi yake ya kulipwa, Major Arena Soccer League, yenye klabu kama Baltimore Blast, na Milwaukee Wave iliyoanzishwa mwaka 1984, miaka kumi na miwili kabla ya msimu wenu wa kwanza kuchezwa. Klabu hizo huishi kwa tiketi za Desemba hadi Machi, msimu uleule mtakaokuwa mmeingia ninyi na majina yenu makubwa. Mkicheza mchezo wao, katika miezi yao, mtazimaliza bila hata kukusudia. Mkicheza futsali kwa siku chache mtaziacha zipumue, na huenda zikakubali kuwaazima waandaaji na wataalamu wao wa kumbi, watu ambao ninyi hamnao.

Suala la kumbi si dogo. Januari kumbi kubwa za miji hii zimeshikwa na hoki na mpira wa kikapu, na siku zilizo wazi huuzwa kwa matamasha. Ila shindano la vijana halihitaji ukumbi wa watu 18,000. Kanuni za futsali zinaruhusu, kwa mechi zisizo za kimataifa, uwanja wenye urefu wa mita 25 na upana wa mita 16 kwenda juu, hivyo ukumbi wa kikapu wa chuo kikuu wenye nafasi ya kutosha pembeni unaweza kutumika. Mbao za sakafu zipo, taa zipo, viti vipo, na joto lipo. Nyasi za kutandika juu ya barafu usiku kucha hazihitajiki.

Wapo watakaosema kwamba shindano lisilo na Messi wala nyota yeyote halitatazamwa, na kwamba Apple, inayorusha mechi zenu, haitalitaka. Wana haki kwa kiasi fulani: halitatazamwa sana, na msilitangaze kana kwamba litatazamwa sana. Mkianza kulipima kwa idadi ya watazamaji wa nchi nzima, mwaka wa tatu mtakuwa mmeshaanza kuwaomba makocha wawaachie nyota wawili watatu kwa ajili ya tangazo, na hapo mtakuwa mmeshika njia ya NASL. Lipimeni kwa vijana waliopata mechi, na kwa familia zilizoingia ukumbini kwa bei ndogo mwezi ambao tiketi za klabu hazipo kabisa.

Sasa nimrudie Kamungo. Familia yake ilihamia Abilene, Texas, mwaka 2016, akiwa kijana wa kidato, na hakupita katika chuo cha soka cha klabu yoyote. Aliingia North Texas SC, timu ya akiba ya FC Dallas, kupitia majaribio ya wazi, akapanda kikosi cha kwanza, na Januari 2024 akaichezea timu ya taifa ya Marekani. Texas jua linaruhusu kijana acheze nje karibu mwaka mzima na kuonekana. Huku kwetu, mtoto wa familia iliyotoka Nyarugusu au Dadaab huhifadhi viatu vyake Novemba na kuvitoa Aprili, isipokuwa wazazi wawe na uwezo wa kulipia saa za mazoezi chini ya yale makuba ya kujazwa hewa, ambayo kodi yake si ya mfukoni mwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyama. Wenye bahati hucheza katika ukumbi wa shule Jumamosi usiku, wakipangwa timu kwa rangi za fulana. Vipaji vimo humo, na mtu wa klabu wa kuvitazama hayumo.

Kwa hiyo sehemu ya ombi langu ambayo nisingependa ikatwe wakati wa kupunguza gharama ni hii: katika kila mji utakaoandaa shindano, angalau nafasi mbili zitengwe kwa timu za mitaani zitakazopatikana kwa mchujo wa wazi, bila ada ya kuingia, na wasaka vipaji wa klabu mwenyeji wawepo kuanzia siku ya kwanza ya mchujo. Timu hizo zinaweza kufungwa mabao kumi. Hilo halinisumbui, kwani vijana wa MLS NEXT Pro hufanya mazoezi kila siku na wale wengine hutoka kazini. Linalonisumbua ni kwamba leo hawana hata mahali pa kufungiwa hayo mabao.

Kwa utekelezaji ninapendekeza muanze na miji minne tu, Saint Paul, Chicago, Columbus na Toronto, mwezi Januari 2028, ambao utakuwa wa kwanza chini ya kalenda mpya kamili. Shindano lisizidi siku kumi kwa jumla. Wachezaji wawe na umri usiozidi miaka 21, na yeyote aliyekwisha kuzoeleka katika kikosi cha kwanza asiruhusiwe hata kama kocha wake anataka. Bima ya majeruhi iwahusu wote wanaoingia uwanjani, wakiwemo wale wa mitaani, kwa sababu mguu wa mtu anayeishi kwa kazi ya kusimama una thamani kwa familia yake sawa na ule mlioukatia bima ninyi. Mazungumzo na chama cha wachezaji, pamoja na viongozi wa Major Arena Soccer League, yafanyike kabla ya tangazo lolote kwa umma.

Iwapo mtaona kwamba hata hili ni zito, ninaomba mtujibu kwa maandishi na mtaje ni kipi hasa kinachozuia: ni fedha, ni kumbi, ni mikataba au ni kukosa hamu. Kama ni kumbi, wapo watu katika miji yetu, mimi nikiwa mmoja wao, walio tayari kwenda kuzungumza na vyuo kwa niaba yenu. Ratiba ya msimu wa 2027-28 ikishafungwa nafasi hiyo itakuwa imepita kwa mwaka mzima, kwa hiyo ninaomba jibu lenu litufikie kabla ya hapo.

Wenu,

Mshabiki wa Minnesota United,
Saint Paul, Minnesota